Krrrr ya gurudumu la nyuma
Wakuu hii lori yangu Bedford ya zamani ya jeshi la Uingereza imenitoa jasho, natoka Kibaigwa na magunia ya mahindi kila nikikanyaga breki nasikia krrrr nyuma kushoto, utingo anang'ang'ania ni beringi, mi najiuliza kama ni beringi mbona nikiachia pedo inanyamaza?

Chamwino nikapaki nikapima joto la dramu za breki (zile za chuma ndani ya magurudumu) moja moja kwa mgongo wa mkono. Tatu vuguvugu tu, ile ya kushoto nyuma nusura iniunguze.

Nyumbani nikapiga jeki, nikaweka na magogo chini (jeki siiamini mimi), nikatingisha tairi juu chini, halichezi. Beringi haina shida. Kutoa dramu sasa, nyundo na dizeli masaa 2! Humo ndani liningi (ile bitana inayosugua dramu) imeisha mpaka ribiti zinazoishika zimetokeza zinakwangua chuma cha dramu, mfereji ziliochimba ukucha unazama kabisa, na pistoni ya silinda ya breki imeshika kutu kwahiyo kiatu cha breki kinachobeba liningi kilikuwa kinarudi kwa shida.

Dramu iko leti (mashine ya kuchonga chuma) inachongwa, liningi nabadilisha pande zote mbili. Utingo hanisemeshi tangu jana.