Jamalilleil: Jina Lililotoka Tarim

Miongoni mwa majina ya koo za masharifu wa Lamu, hakuna linalonivutia kama Jamalilleil. Chimbuko lake ni Tarim, katika Hadhramaut nchini Yemen, ambako sharifu mmoja wa ukoo wa Ba Alawi, Muhammad bin Hasan, alipewa lakabu hiyo, yaani "uzuri wa usiku", kama inavyosimuliwa, kwa sababu ya kukesha katika ibada, na kizazi chake kikairithi. Tawi moja lilifika Ngazija, kisiwa cha Komoro, na ndiko alikotoka Habib Saleh, aliyehamia Lamu akasomesha, akaasisi Msikiti wa Riyadha upande wa Langoni, na kufariki mwaka 1935. Hadi leo, wakati wa Maulidi, uwanja wa msikiti huo hujaa vijana wa kanzu na kofia wanaopiga matari kwa safu. Tawi jingine lilielekea mashariki ya mbali, na tangu 1843 watawala wa jimbo la Perlis, Malaysia, wametoka katika ukoo huo huo. Mmoja wao, Tuanku Syed Sirajuddin, alikuwa mfalme wa nchi nzima kuanzia 2001 hadi 2006. Huko huandikwa Jamalullail, kwa hiyo anayetafuta shajara ya nasaba yake asiishie kwenye tahajia moja.