Refa, hesabu kwa sauti

Makosa ya refa nayagawa mafungu mawili: kosa la jicho na kosa la hesabu. La jicho nasamehe.

Tarehe 2 Juni 2010, kwenye mchezo wa besiboli kule Detroit, Marekani, mrushaji Armando Galarraga alikuwa amewatoa wapigaji 26 mfululizo, hakuna hata mmoja aliyefika besi, yaani kituo anachokimbilia mpigaji. Akabaki wa 27, wa mwisho. Mpira ukapigwa chini chini, Miguel Cabrera akauokota na kumrushia Galarraga aliyekimbilia besi ya kwanza, naye akaikanyaga kabla ya mkimbiaji. Refa Jim Joyce akatandaza mikono: hajatoka! Baada ya mchezo Joyce aliangalia marudio, akakiri kosa na kumwomba radhi Galarraga. Kesho yake walipokutana uwanjani, machozi yalimtoka mbele ya watu. Mimi namheshimu sana mtu yule. Tukio lilipita kufumba na kufumbua, na tangu 2014 ligi kuu ya besiboli ya Marekani inaruhusu maamuzi kama hayo kupingwa kwa video.

Lakini hesabu? Hesabu inamngoja mtu.

Seattle, tarehe 2 Julai 2011. Kwenye besiboli, mpigaji akiziacha boli nne, yaani mirusho iliyopita nje ya eneo lake, anakwenda besi ya kwanza bure. Cameron Maybin wa San Diego alikwenda kwa boli tatu. Ubao ulikuwa umeongeza moja, refa akaufuata, na benchi la Seattle likanyamaza. Kisha mwenzake akapiga, Maybin akazunguka mpaka besi ya nyumbani panapohesabiwa pointi, na ile ikawa pointi pekee ya mchezo mzima: 1-0. Uwanja una maelfu ya watu, na boli ya nne haikuwahi kurushwa!

Sisi wa soka nasi tunayo yetu. Kombe la Dunia 2006, Croatia na Australia, refa Graham Poll alimwonyesha Josip Šimunić wa Croatia kadi tatu za njano ndipo akamtoa. Moja alikuwa ameiandika kwa namba 3 wa Australia, na Šimunić naye alivaa 3.

Hapa Mtwara kuna vijana wanaocheza besiboli jioni kwenye kiwanja cha shule, mimi nawashikia daftari. Jumamosi refa akamwambia mpigaji aende besi. Daftari langu lina boli tatu. Nikaita.

"Mama, mimi ndiye niliyesimama hapa," akajibu.

Mdakaji, mtoto wa kidato cha pili, akavua kinyago taratibu. "Ni tatu, kaka. Zote nimezidaka mimi."

Mpigaji akarudi. Nilifurahi mno, maana mtoto yule angeweza kunyamaza kwa adabu, na watoto wetu tumewazoesha kunyamaza mno mbele ya mkubwa.

Marehemu baba yangu alilima korosho Tandahimba. Gunia lake halikushuka kwenye mizani mpaka karani asome kilo kwa sauti na watu wa foleni wasikie. Makarani walimwona msumbufu. Mimi nilikuwa nasimama pembeni yake, na sikuona usumbufu wowote.

Ndiyo maana nimewaomba vijana wafanye hivyo hivyo. Marefa wakubwa wana kidude cha kuhesabia kiganjani, chenye magurudumu madogo. Sisi hatuna, ila vidole tunavyo: mkono wa kushoto boli, wa kulia straiki, yaani mirusho inayohesabiwa dhidi ya mpigaji, refa aviinue kila baada ya mrusho na kutamka, mdakaji airudie hesabu. Mrushaji akisikia tofauti, asirushe.

Refa wetu anasema mchezo utachelewa. Mpira lazima urudi kwa mrushaji kwanza, na huko unakorudi ndiko muda wa kutamka "mbili, moja", yaani boli mbili na straiki moja, uliko. Jumamosi ijayo tunaanza hivyo, amekubali.