Kadre chini ya makala

Kama kamba ya kiatu changu isingekatika asubuhi ile, yule mzee ningemwona kama tunavyowaona wote: mgongo, magunia, vumbi, basi.

Ilikuwa Julai 2014, jua ndiyo kwanza linachomoza, barabara ya Kasenga upande wa Ruashi, na baridi ya kiangazi cha Katanga inauma masikio. Watu wa makala, yaani makaa ya kupikia, walikuwa wanaingia mjini mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na kinga yake. Huku Lubumbashi baiskeli ni kinga. Asiyelipenda neno hilo atasema velo. Juu ya kinga, magunia matatu au manne. Hawapandi, wanasukuma: mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mti uliofungwa penye kiti. Mzee mmoja akasimama karibu yangu kupumzisha mapafu, akaegemeza mzigo wote juu ya fimbo, na mimi nilikuwa nimechuchumaa na kamba yangu mkononi. Ndiyo maana niliona kinga yake kutoka chini, mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Nyuma ya ekseli ya pedali, kwenye yale mabomba mawili membamba yanayokwenda gurudumu la nyuma, upande wa chini kabisa, kulikuwa na vijiti viwili vya chuma, vifupi kama kidole cha mtoto, vimefunikwa na udongo mwekundu.

Moyo ukaruka. Nieleze kwa nini, maana mke wangu hadi leo haoni sababu. Vijiti vile ni vya kushikia breki. Kinga za milimani za kwanza zilifungwa breki ya nyuma juu, karibu na kiti, na za baadaye zikarudi kule kule juu. Katikati hapo, nusu ya pili ya miaka ya 1980, ikaingia fasheni ya kuiweka chini, nyuma ya pedali. Fasheni haikukaa. Chini kule ndiko matope yanakojikusanya, na kuisafisha lazima ulale chali. Karibu 1990 watengenezaji wengi walikuwa wameshaiacha. Kwa hiyo ukiona vijiti chini, umesoma tarehe ya kuzaliwa. Chini ya magunia manne ya makala kulikuwa na kinga ya milimani yenye umri wa karibu miaka thelathini.

“Unatafuta nini chini ya kinga yangu, mwana?”

“Jambo papa. Naangalia tu.”

“Angalia na macho. Mikono acha.”

Wakati ule tulikuwa watatu: mimi, rafiki yangu mchomeleaji mwenye karakana ndogo Kamalondo, na mdogo wake, kijana asiyesema sana lakini anayejua kunyoosha gurudumu kwa kusikiliza mlio wa spoku. Tulikusanya kinga kuukuu za milimani na BMX, zile ndogo za magurudumu ya inchi 20 ambazo watoto wa Wabelgiji walichezea hapa mjini miaka ya 80. Nyingi zilibaki Oktoba 1991, wakati wa piyaji, ule uporaji wa mjini, wageni walipoondoka haraka na mizigo ya mkononi. Zikapita mikono mingi. Nyingine tulizitoa juu ya paa la banda la kuku, moja ilikuwa mlango wa bustani. Majirani walituita watu wa vyuma vibovu, na hawakukosea. Lakini kinga ya milimani ya zamani, ya chuma cha chromoly, kabla ya alumini kuenea, hiyo hatukuwa tumeipata hata moja.

Nikamfuata mzee hadi soko la Kenya. (Kenya ya hapa ni mtaa wetu, aliye Nairobi asishtuke.) Njiani nilipima kwa macho. Mbele ya kadre, yaani fremu ya kinga, palikuwa na matundu mawili ya misumari bila nembo. Rangi haikuwepo kabisa. Kando ya mabomba yote palikuwa pamechomelewa nondo, na uma wa mbele ulikuwa umezibwa na nondo nyingine mbili hadi kwenye ekseli. Alipoteremsha magunia nikamwambia nataka kuinunua.

“Hii kinga haiko ya kuuzisha.”

Nikataja dola 50. Akacheka. Nikataja 80. Akaacha kucheka, akaniangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa.

“Wewe unajua hii ni nini?”

Nikamweleza. Nikamweleza vibaya, kwa haraka, kama shabiki. Kwamba mchezo wenyewe ulianzia Marekani, wilaya ya Marin, California. Kwamba Oktoba 1976 vijana walishindana kushuka mlima kwa kinga nzito za miaka ya 30 na 40, walizookota kwenye vyuma vikuukuu kama sisi. Kwamba breki zao za kukanyaga kinyumenyume zilipata moto hadi grisi ikageuka moshi, na wakifika chini lazima wajaze grisi upya, ndiyo maana mbio zikaitwa Repack. Kwamba mwaka 1977 mmoja wao, Joe Breeze, aliunda kadre mpya kwa kazi hiyo, na 1981 kampuni ya Specialized ikatoa Stumpjumper, kinga ya milimani ya kwanza kutengenezwa kwa wingi.

Mzee alisikiliza yote. “Na kule juu ya mlima walifikaje?”

“Mara nyingi kwa gari.”

“Gari inapandisha, wao wanashuka. Na mzigo?”

“Hakuna mzigo, papa.”

“Hakuna mzigo,” akawaambia wanawake waliokuwa wanapima makala yake, na soko zima la pale karibu likacheka.

Lakini hakunifukuza. Tukanywa munkoyo, na hapo nikajua kwamba hakuwa mtu wa makala tangu mwanzo. Alikuwa ajisteri, fundi wa mitambo kwenye karakana za Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, akaondoka 2003 katika ule mpango wa kuacha kazi kwa hiari, pamoja na wenzake zaidi ya 10,000. Kinga alipewa na shemeji yake, aliyewahi kupika kwenye nyumba ya mwalimu mmoja mgeni. Sharti lake la kuiachia lilikuwa moja: nimletee nyingine inayobeba kile inachobeba hii. Hela hakutaka. Hela, alisema, inaliwa na watoto wa jirani.

Nikaona nimeshinda. Jumamosi iliyofuata nikanunua kinga mpya nyeusi, ya mabomba mazito, bado ina karatasi za dukani, nikaipeleka kwake. Akaipapasa, akapiga kengele yake mara mbili, akasema nzuri. Kisha akaita vijana wawili, wakapandisha magunia manne, akaanza kusukuma. Sisi tukamfuata kama kwenye harusi.

Hatukufika mita mia mbili. Spoku ya kwanza ililia tin, ya pili tin, halafu zikalia kwa mfululizo, na gurudumu la nyuma likajikunja namba nane. Makala yakamwagika barabarani. Watoto wakatoka kila nyumba na mabeseni, na kabla hatujainua gunia la pili, la kwanza lilikuwa limeshaingia majikoni mwa watu.

Sikujua niweke uso wangu wapi. Mzee alikaa juu ya gunia, akafuta jasho. “Kinga ya dukani ni mtoto mchanga,” akasema. “Bado hajalelewa.”

Basi tukailea. Ilichukua wiki tatu, na zile wiki tatu ndizo ninazozikumbuka zaidi kuliko kadre yenyewe. Mimi nilikuwa na vitabu na picha. Yeye alikuwa na vidole. Alitutuma tutafute spoku nene za pikipiki ndogo, akapanua matundu ya rimu na ya habu moja moja kwa drili ya mkono. Alizisuka zikikatana mara tatu, na pale zinapokatana akazifunga kwa waya mwembamba, akauziba kwa risasi ya kuchomelea. Nilikuwa nimesoma kwamba mafundi wa kinga za mashindano Ulaya walifanya hivyo hivyo zamani, nikamwambia kwa furaha. Akajibu kwamba kama walifanya hivyo basi na wao walikuwa na mzigo. Uma wa mbele aliutia nondo za milimita 10. Rafiki yangu mchomeleaji, ambaye hakubali kufundishwa na mtu, alishika tochi akafuata maelekezo kimya kimya, na jioni akaniambia: “Huyu muzee aliharibu maisha yake kwenye makala.” Sikumjibu. Sikuwa na uhakika ni nani aliyeyaharibu.

Agosti, kinga nyeusi ilibeba magunia manne kutoka Ruashi hadi Kenya bila kulia. Mzee akanikabidhi ile nyingine kwa mikono miwili.

Siku hiyo hiyo tukaipasua. Karakana ilijaa watu wasio na kazi. Tulianza na ekseli ya pedali, na mdogo mtu akapachika bomba refu kwenye spana, akajining'iniza nalo upande wa kulia wa kinga. Haikusogea. Akaongeza uzito. Mzee, ambaye alikuwa amekuja “kuaga tu”, akakohoa.

“Upande huo unafunguka kwa kufunga.”

Kweli. Kwenye ekseli za aina ya Kiingereza, kikombe cha kulia kina nyuzi za kinyume, ili mzunguko wa pedali usikilegeze. Nilijua. Nilikuwa nimewafundisha wengine. Siku ile nilisahau kwa sababu nilikuwa natazama kama watu wananitazama. Akageuza mkono, na kikombe kikatoka taratibu kama kifuniko cha chupa ya dawa.

Ndani nilitarajia kutu na mchanga. Kulikuwa na grisi safi, nyeusi kidogo tu, na bili, zile golori za chuma, kumi na moja kila upande, zinang'aa. Zote za robo inchi, zote za ukubwa mmoja. Nikazimwaga kwenye kifuniko cha rangi nikazihesabu mara mbili. Nimefungua kinga za watu wenye magari, kinga zilizolala kwenye gereji nzuri, nikakuta bili nane upande mmoja na uji wa kutu upande mwingine. Hii ilikuwa imebeba miti ya msitu mzima.

“Kila mwezi wa mvua,” akasema mzee. “Bila hivyo inakula kikombe.”

Tukapima: nafasi ya gurudumu la nyuma milimita 130, bomba la usukani inchi moja. Vyote vinakubaliana na vile vijiti vya chini. Mimi nilikuwa nimelewa bila kunywa. Nikasema sasa tuondoe hizi nondo, tuione sura yake. Mzee akasema ngoja. Nikasikia, sikungoja. Nikachukua grainda mwenyewe, nikaanza na nondo ya kushoto, pale inapoungana na bomba la chini karibu na kichwa. Cheche zikatoka vizuri. Nilikuwa nimeshaikata yote, na jiwe limeanza kuuma nondo ya kulia, umeme ulipokatika.

Mara nyingi nimeutukana umeme wa Lubumbashi. Siku ile sikuutukana.

Kwenye kimya kile mzee akasogea na simu yake yenye tochi, akamulika pale nilipokata, akakwaruza kwa ukucha. “Njoo uone.” Kwenye bomba la chini, kidole kimoja nyuma ya kichwa, palikuwa na ufa. Ulikuwa umezunguka zaidi ya nusu ya bomba, wa zamani, umejaa kutu ya kahawia. Nondo mbili ndizo zilizokuwa zimelishika bomba. Sasa ilibaki moja, nayo na meno yangu.

“Ilipasuka 2007, njia ya Kasenga, usiku,” akasema. “Nilikuambia ngoja.”

Rafiki yangu akanipokonya grainda kana kwamba ni kisu mikononi mwa mtoto.

Sitasimulia mabishano yaliyofuata, yalichukua siku nne. Mdogo mtu alitaka tukate bomba lote tuweke jipya. Mimi, kwa aibu, nilitaka lolote. Mwisho mchomeleaji aliziba ufa kwa shaba ya njano na gesi, kwa moto mdogo, maana bomba lenyewe ni jembamba kama ganda na arki ya umeme ingelitoboa. Nondo ya kulia tukaiacha na alama yake. Ya kushoto tukairudisha, kipande kile kile, na kiungo kinaonekana wazi. Rangi hatukupaka. Nilipaka mafuta tu, na vumbi la makala lililoingia kwenye viungo bado limo. Ukipitisha kitambaa leo kinatoka cheusi.

Magurudumu ya inchi 26 tuliyapata Likasi, breki ya chini ikachukua miezi sita. Mapema 2015 nikaipanda hadi Kipushi na kurudi, kilomita 60 hivi, inanung'unika kwenye mashimo na inakwenda wima kama reli. Ni nzito kupita kiasi. Mtu yeyote wa kinga za zamani, huko ziliko nyingi, angesema nimeharibu kitu cha thamani kwa nondo, na labda ni kweli.

Wiki iliyofuata nikaipeleka barabara ya Kasenga makusudi, alfajiri, nikasimama pale pale. Mzee akatokea na kinga nyeusi, magunia manne, hajapunguza hata moja. Hakusimama, mlima ulikuwa mbele yake. Akaitazama kinga yake ya zamani kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma.

“Sasa inabeba ngapi?”

“Inanibeba mimi, papa.”

Akanipima kwa jicho, juu hadi chini.

“Gunia moja,” akasema, “na halijajaa,” akaendelea kusukuma.