Kiingereza cha ofisini, cha kawaida na cha kijiweni: nilivyokipanga kwenye kaunta buku

Steshenari ya Ngamiani, hapa Tanga, haichagui mteja. Asubuhi inakuja barua ya kuomba kazi, mchana tangazo la gesti, jioni kijana anayetembeza wageni anataka ujumbe wa WhatsApp uende kwa Mjerumani anayefika kesho. Wote wanasema neno moja: "Niandikie kwa Kiingereza." Ila Kiingereza wanachokihitaji si kimoja, na kinachoharibu kazi mara nyingi si sarufi. Ni maneno ya mahakamani kuwekwa kwenye ujumbe wa simu, au maneno ya kijiweni kuwekwa mbele ya mwajiri. Naeleza nilivyoipanga kazi hii mpaka ikawa ya kufungua daftari tu.

Neno la Kiingereza lina majirani wake. Mvua kubwa ni "heavy rain", haiwi "strong rain". Wanaochukua "strong" ni chai na upepo. Na sisi ni hivyo hivyo: tunapiga simu, pasi, picha, mswaki na deki, tunakula kiapo, hasara na njama, wala hakuna anayeuliza kwa nini. Juu ya ujirani huo kuna ngazi. Mtu hufariki dunia, hufa, au hukata kamba, na tangazo la msiba haliwezi kusema mzee wetu kakata kamba. Kiingereza nacho kina "lodge a complaint" ya ofisini, "make a complaint" ya kawaida na "kick up a fuss" ya kijiweni. Hiyo ya mwisho ina kejeli ndani yake: anayelalamika hawezi kujisemea hivyo kwenye barua yake mwenyewe.

Nilitumia kaunta buku ya kwaya tatu, ile ya jalada gumu. Kurasa mbili zinazotazamana nilizifanya jedwali moja lenye safu tano: nomino, Kiswahili cha mteja, ofisini, kawaida, kijiweni. Kila jedwali nomino sita, na baada ya kila nomino mistari mitatu mitupu, maana lazima utarudi kuongeza.

Mwanzo nilipanga kwa vitenzi nikakwama. Ukurasa wa "get" ulijaa kabla sijamaliza wiki, na kutafuta kitu humo ilikuwa kama kutafuta dagaa mmoja kwenye tenga. Mteja haji na kitenzi. Anakuja na kitu: malalamiko, likizo, mkataba, hasara, mtihani. Hicho ndicho cha kushika, halafu kitenzi ndicho kinachopanda na kushuka ngazi. Hasara ni "incur a loss" ofisini, "make a loss" kawaida, "take a hit" kijiweni. Uamuzi ni "reach a decision", "make a decision", "make up your mind". Kuacha kazi ni "tender your resignation", "hand in your resignation", na huku chini nomino yenyewe inatoweka, linabaki "quit" peke yake. Mtihani nao ni "sit an examination", "take an exam", na kwa Waingereza wakiongea, "do an exam". Tazama hapo kwamba "examination" nayo imekatwa ikawa "exam". Kitenzi kikishuka, mara nyingi nomino inashuka nacho, na ukishusha kimoja tu sentensi inachechemea.

Safu ya kujaza kwanza ni ya kawaida. Ndiyo inayofanya kazi nyingi kuliko zote, na ndiyo isiyomwaibisha mteja akikosea mlango. "Make a complaint" inakubalika kwenye barua rasmi na kwenye mazungumzo. "Kick up a fuss" haikubaliki kwenye barua, na "lodge a complaint" kwa rafiki inaonekana umevaa suti kwenda kuoga baharini. Safu ya kijiweni niliizungushia kalamu nyekundu. Naijua ili nielewe anachoandikiwa mteja, si ili nimwandikie.

Kuhakiki ngazi nafanya mara mbili. Kwanza kamusi ya wanafunzi wa Kiingereza, kwenye zile alama za "formal" na "informal". Kasoro yake ni kwamba alama mara nyingi inabandikwa kwenye neno au maana yake, si kwenye jozi, yaani neno pamoja na jirani yake. "Land" haina alama yoyote ikiwa ni ya ndege kutua, lakini "land a job" ni ya mdomoni na magazetini kuliko ya barua ya ajira, ambako ungesema "secure employment" au kwa kawaida "find a job".

Pili ni hazina ya maandishi mtandaoni, yaani maandishi na mazungumzo halisi yaliyokusanywa ili uone maneno yanavyotumika. Ninazotumia ni mbili. BNC (British National Corpus) ya Uingereza ina maneno milioni 100, karibu milioni 10 kati yake ni mazungumzo, ila inaishia 1993, kwa hiyo lugha ya meseji usiitafute humo. COCA (Corpus of Contemporary American English) ya Marekani ina zaidi ya maneno bilioni 1, ya 1990 mpaka 2019, yamegawanywa makundi manane: mazungumzo ya redio na televisheni, filamu na tamthilia, hadithi, majarida, magazeti, blogu, kurasa nyingine za wavuti na maandishi ya kitaaluma. Unafungua akaunti ya bure, na idadi ya kutafuta kwa siku ina kikomo, hivyo andika orodha kabla hujawasha bando.

Kitenzi ukiandike kwa herufi kubwa zote, mfano LODGE a complaint, ili upate na "lodged" na "lodging". Chagua mwonekano wa chati, kisha soma mstari wa mara ngapi kwa kila maneno milioni. Usisome jumla tupu, kwa sababu makundi hayalingani ukubwa, hasa kwenye BNC. Kanuni yangu mwenyewe ni ya mkono tu: taaluma ikiwa mara tatu ya mazungumzo, jozi inaingia safu ya ofisini, filamu ikiongoza kwa mbali, inashuka kijiweni, makundi yakikaribiana, ni kawaida. Halafu nasoma mifano 20 kwa macho, maana mashine huhesabu lililoandikwa, haijui maana. "Get on" ya kupanda basi inahesabiwa pamoja na "get on" ya kupatana na mtu. Na "take out money" ukiitafuta hivyo itaonekana adimu, kumbe watu wanasema "take some money out", neno limeingia katikati. Weka nafasi ya nyota hapo kati utafute tena.

Kuna dalili ya haraka kwa asiye na bando. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza 1066, Kifaransa kilikaa muda mrefu kwa wakubwa na mahakamani, Kilatini kanisani na kwa wasomi, na Kiingereza cha asili kikabaki jikoni na shambani. Ndiyo maana "commence", "purchase" na "request" ziko juu, na "begin", "buy" na "ask" ziko chini yake. Kwetu kuna kitu cha kufanana: "wasilisha" na "hitimisha" zimetoka Kiarabu na zina sauti ya ofisi kuliko "peleka" na "maliza". Lakini "sababu" nayo ni ya Kiarabu na hata mtoto anaisema, kwa hiyo dalili hii isikutawale. Walimu wengi hufundisha kwamba vitenzi vya maneno mawili vyote ni vya mtaani. Si kweli. "Carry out a survey" na "set up a committee" zinakaa ndani ya ripoti bila shida. Na "dead", ambayo kwenye "dead tired" ni ya kijiweni kabisa, kwenye "dead slow" ni amri rasmi ya mwendo wa meli. Ngazi iko kwenye jozi.

Nichukue barua moja niifungue. Dereva kaja na rasimu yake: "I kindly beg to apply a job of driver. I got my licence in 2016 and I have never gotten accident. I can start whenever, no worries." Mstari wa kwanza umekaa ghorofa ya tano, wa mwisho uko barazani. "Beg to apply" ni ya barua za zamani mno. "Apply" inadai "for". "Job" kwenye barua ya kuomba inapanda kuwa "post" au "position". Leseni unai-"hold", na ile siku ya kuipata ni "obtained". "Pata ajali" ndiyo mtego wa Kiswahili chetu: kwa kawaida ni "have an accident", ripotini ni "be involved in an accident", lakini dereva anayejisifu ana jozi yake maalumu, "a clean driving record". Ikawa: "I wish to apply for the post of driver. I have held a valid licence since 2016 and have a clean driving record. I am available to start immediately." Idadi ya maneno ni karibu ile ile, ila mtu ameongezeka uzito.

Kwenye barua hizo hizo futa "Refer to the heading above". Hiyo ni "husika na kichwa cha habari hapo juu" iliyovushwa mpaka bila pasi. Kichwa cha habari kwa Kiingereza kinajitegemea kwa wino mzito, na mstari wa kwanza unaingia kwenye shauri moja kwa moja. Ukianza na "Dear Sir or Madam" malizia "Yours faithfully", ukianza na jina malizia "Yours sincerely", basi.

Kosa la upande wa pili ndilo linalonichosha zaidi. Kijana wa wageni ananiambia, "Kaka, mbona Kiingereza chenyewe chepesi hivi? Weka maneno makubwa." Alikuwa ameandika: "Be informed that the commencement of our excursion to Maziwe shall be at 1 a.m." Saa moja asubuhi ni "7 a.m.", hilo tuliache. Maziwe ni kisiwa cha mchanga mbele ya pwani ya Pangani. Maji yakijaa kinafunikwa, kwa hiyo safari yote inategemea maji kupwa. Na hapo ngazi tatu zimekaa wazi kama nini: jedwali la bahari linaandika "low water", maelezo kwa mgeni ni "at low tide", na mkishaonana mdomoni ni "when the tide's out". Nikamwandikia: "We'll set off at 7 a.m. so that we reach Maziwe at low tide. Bring a hat, the sun gets strong." Mgeni anayesoma "be informed" na "shall" anadhani kaitwa kituoni.

Tangazo la gesti ni kinyume chake, linataka ukali. Ukutani: "Guests are required to vacate their rooms by 10 a.m." Kwenye baruapepe ya kuthibitisha nafasi: "Please check out by 10 a.m." Mapokezi, kwa mgeni mliyezoeana: "Could you be out by ten?" Na sigara ni "strictly prohibited", "strongly prohibited" haipo, ingawa "strongly recommend" ipo.

Hilo linanileta kwenye "sana" yetu, ambayo kwa Kiingereza imevunjika vipande. Majuto ni "deeply regret" kwenye barua, "really sorry" kwa kawaida. Wasiwasi ni "deeply concerned" juu, "very worried" katikati, "worried sick" chini. Aliyefulia ni "flat broke", na kampuni iliyofulia haiandikwi hivyo kamwe, inaandikwa "insolvent" bila "sana" yoyote. Vielezi hivi nimevipa kurasa zake nyuma ya daftari, kwa sababu havifuati nomino, vinafuata sifa au kitenzi, na kila kimoja kina chake. Ukikwama, "very" inakuokoa karibu kila mahali, isipokuwa kwa sifa ambazo tayari zimefika mwisho, kama "exhausted", inayotaka "completely" au "utterly".

Vyumba vingine vya jedwali vitabaki vitupu, na visijazwe kwa nguvu. "Spring tide" ndiyo bamvua, haina uhusiano na majira ya kuchipua, na "neap tide" ndiyo maji mafu. Nahodha, profesa na muuza pweza wanaozungumza Kiingereza wanazitamka hivyo hivyo wote watatu. Kwenye mistari hiyo nimechora mshale mmoja unaokatiza safu zote.