Siku moja maishani mwangu: kuliwahi ua la saa tatu

Saa 10 na nusu alfajiri

Nimeamka kabla ya adhana. Ninafanya kazi kwenye hebaria, ghala la mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu, na mwezi huu wa Mei nashughulikia jenasi Portulaca, yaani kundi la spishi za karibu zenye jina hilo la kwanza. Ni vimimea vinavyotambaa chini, majani manene yaliyojaa maji, vinavyochipua na mvua na vingi vyake kufa kiangazi kikikaza. Kimoja watu wa Pwani wanakijua vizuri: tako la hasani.

Leo sichelewi. Ua la Portulaca hufunguka jua likishapanda, hukaa saa chache tu, kisha hunywea na halifunguki tena. Ukifika shambani saa 8 mchana utaukuta mmea wote mzima, ila ua lenyewe limeshakuwa ute.

Mkobani: presi mbili za mbao za kubania mimea na mikanda yake, magazeti makuukuu, lenzi ya mkononi, vichupa vya spiriti, bahasha za mbegu, daftari. Naandika kwa penseli, wino ukilowa unakimbia.

Saa 12 asubuhi

Coaster la Bagamoyo, kutoka Makumbusho. Nimelala mpaka Bunju.

Saa 2 na robo

Shamba la mihogo jirani na Kaole, penye miamba ya matumbawe iliyochomoza juu ya mchanga. Bibi mwenye shamba anapalilia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umerudia majani yako?"

"Nimerudia. Naomba usiyang'oe ya pale mwambani mpaka nimalize."

"Yachukue yote. Hilo tako la hasani ukiling'oa ukalitupa pembeni, mvua ikinyesha linaota tena."

Anasema kweli. Shina la mmea huu likiachwa juu ya udongo lina maji ya kutosha kulihifadhi siku nyingi, na linaweza hata kukomaza mbegu likiwa limeshang'olewa.

Maua bado yamefumba. Natumia muda huo kutenganisha ndugu na jirani, maana hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza. Kando ya tuta kuna mmea mwingine wa kutambaa, majani manene vilevile, shina jekundu vilevile. Huo ni Trianthema portulacastrum, wa familia ya Aizoaceae. Jina lake lenyewe linakwambia unafanana na Portulaca. Linnaeus naye, Mswidi aliyeweka mfumo wa kuipa mimea majina mawili ya Kilatini, mwaka 1753 mmea mmoja wa ufukweni aliuita Portulaca portulacastrum, na mwaka 1759 akauhamishia jenasi Sesuvium. Ikiwa yeye alilazimika kurudi nyuma, mimi sioni haya kupiga magoti na lenzi mara tatu kwa mmea mmoja.

Wekundu wa shina nao una habari. Rangi hiyo ni betalaini, kundi lilelile la rangi za biitiruti, mchicha mwekundu na bogenvilia, na wote hao ni wa oda moja, yaani kundi moja kubwa la familia, Caryophyllales. Wekundu wa rosela ni rangi ya kundi jingine kabisa, antosianini. Mmea mmoja haukutwi na zote mbili.

Saa 3 na dakika 40

Yamefunguka.

Nimelala kifudifudi juu ya mwamba. Ua la tako la hasani, Portulaca oleracea, halifiki upana wa kucha ya kidole gumba. Sepali, vijani vya nje vinavyolifunika ua, ni 2; petali, vijani vya rangi vya ndani, ni 5 za njano, kila moja imebonyea nchani kama moyo. Hatua mbili pembeni, penye udongo usiozidi kina cha kidole, kuna mwembamba zaidi: majani yamekaa mawili mawili yakitazamana, kila kifundo kina nywele ndefu nyeupe, na petali ni 4. Huyu ni Portulaca quadrifida. Nahesabu maua kumi ya mashina tofauti. Nne, nne, nne. Naandika hesabu, rangi na saa, kwa sababu vitu hivi vitatu havitaonekana tena kwenye sampuli kavu.

Trianthema nayo imefunguka, waridi hafifu. Petali haina. Rangi ile unayoiona ni ya sepali, na ua limejificha kwenye ala, kifuko kilicho chini ya kikonyo cha jani. Ukilivuta jani kidogo unaiona. Tofauti hiyo tu inatosha kuitenga mimea hii miwili.

Kinachozipatanisha ni tunda. Yote mawili hupasuka kwa mzunguko, kifuniko kinatoka kama cha chungu. Nimekibonyeza kimoja cha oleracea kwa ukucha. Kofia imeruka na mbegu nyeusi zimebaki chini, hazifiki milimita moja, zinang'aa.

Saa 6 mchana

Yamejifunga. Bibi amenipa jiko na sufuria.

Hii ndiyo kazi ninayoitetea kuliko zote. Mwaka wangu wa kwanza nilibana Portulaca kwenye presi hivihivi, kama ninavyobana majani ya mti. Wiki moja baadaye nilifungua gazeti nikakuta mmea ungali hai: umerefusha shina gizani, umedondosha majani yote, umemwaga mbegu. Sampuli iliharibika na nilisikitika sana. Sasa kila shina nalichovya kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache, maua nimeyashika nje ya mvuke, kisha nalifuta na kulilaza kwenye gazeti. Maua mengine yanaingia kwenye spiriti, huko petali hazigeuki ute.

"Unapika bila chumvi," bibi amesema. Kisha akanisimulia mama yake alivyokuwa analipika kwa nazi.

Saa 10 na nusu jioni

Nimerudi. Magazeti yamebadilishwa mara ya kwanza. Kesho asubuhi tena.

Kwenye hadubini naziangalia mbegu. Hapa wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 1978 mtaalamu wa mimea Avinoam Danin na wenzake waliigawa oleracea katika nususpishi kadhaa, yaani migawanyo ndani ya spishi moja, kwa ukubwa wa mbegu na vichunusi vya ganda lake, pamoja na idadi ya kromosomu, nyuzi za urithi ndani ya seli, 18, 36 au 54. Wengine wanaiacha kuwa spishi moja yenye sura nyingi. Mimi naelekea kwa hao wa pili, kwani kwenye miamba ileile nimeona mbegu za katikati zisizokaa upande wowote. Hata hivyo kila sampuli naiwekea bahasha yake. Atakayekuja na hoja bora azikute.

Saa 12 jioni

Kabla ya kufunga nimetoa karatasi moja ya zamani iliyonisumbua wiki nzima. Lebo inasema: Portulaca, kutambaa, juu ya mwamba. Ua halikutajwa. Majani yamepukutika yote.

Nimeiweka kando ya quadrifida ya leo na kushusha lenzi kwenye shina. Makovu ya majani yapo mawili mawili, yanatazamana kifundo kwa kifundo, na kwenye gundi kumenaswa nywele tatu ndefu nyeupe.

Nimeandika kikaratasi cha utambuzi, Portulaca quadrifida L., nikatia tarehe, nikakibandika juu ya lebo ya zamani bila kuifunika.