Diski nne, draivu mbili za DVD, kasha moja

Napiga video za harusi hapa Tanga. Zamani kila mteja aliondoka na DVD yake, na kopi moja nikiitupia kwenye boksi chini ya meza. Mwaka jana akaja mama mmoja, DVD ya harusi ya bintiye imekwaruzika, haichezi tena. Nikatoa ya kwangu. Nayo ikakwama pale pale bibi harusi anapoingia ukumbini. Nikaona hizi zote zitanifia. Nikaamua kuzihamishia kwenye diski, DVD mbili kwa mpigo ili kazi iende haraka.

Kompyuta yangu ni ya mtumba, ilitumika ofisini huko Ulaya. Ndani ya kasha, lile ambalo mtaani wote tunaliita CPU, mlikuwa na SSD (diski ya chipu) ya GB 240, diski kongwe ya GB 500 na draivu moja ya DVD. Nikanunua diski mbili za TB 2, moja ya kazi na moja ya akiba, na draivu ya pili ya DVD. Vifaa sita, na madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ina matundu manne tu ya SATA, ya kuchomekea diski na draivu.

Enzi za mkanda mpana wa IDE, mfumo uliotangulia SATA, vifaa viwili vilipanda mkanda mmoja, ukahangaika na kijampa kidogo kama punje ya mchele kuamua nani masta (mkuu) nani slevu (msaidizi). Sina hamu nazo. SATA kila kifaa na waya wake, basi. Nikachomeka kwenye madabodi kadi ya nyongeza (ya PCI Express) yenye matundu mawili ya SATA, nikazipeleka huko draivu za DVD. Hata ikisoma kwa kasi ya 16x, draivu ya DVD haizidi sana MB 22 kwa sekunde, kwa hiyo kadi ya bei poa inaitosha. Diski zote zikabaki kwenye madabodi.

Kilichonitesa ni umeme. Powasaplai ilikuwa na vichwa vinne vya SATA, mimi nataka sita. Kijana wa dukani akanipa adapta mbili za kugeuza Molex, kichwa cha umeme cha zamani, kuwa cha SATA: "Chukua hizi bosi wangu, wote wanatumia hizi." Siku ya tatu nikasikia harufu ya plastiki. Kufungua, kichwa kimoja kimevimba, kimeyeyuka kati ya waya wa njano na mweusi. Bahati yangu kilikuwa kwenye draivu ya DVD, si kwenye diski yenye harusi za watu. Vichwa vya aina ile waya zimezamishwa ndani ya plastiki, huwezi kuona kama zinagusana. Nikazitupa zote mbili, nikatafuta powasaplai ya wati 450 yenye vichwa vya kutosha. Hata hivyo ile ya zamani ilikuwa ndogo: diski ya kawaida ikianza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye volti 12, na hapa ni tatu kwa pamoja.

Kuhusu joto, zile mbili za TB 2 nilizitenganisha nikaziweka mbele ya feni. SSD haina kinachozunguka ndani, nikaibandika pembeni kwa gundi ya pande mbili.

Baadaye nikataka kuitoa ile kongwe ya GB 500, imeanza kugonga tak-tak. Kuichomoa tu, Windows haifunguki. Kumbe nilipoiweka Windows kwenye SSD, diski hiyo ilikuwa imechomekwa, na mafaili ya kuwashia yakaenda kukaa kwake. Ikabidi nianze upya, SSD ikiwa peke yake, kisha nyingine nikazirudisha moja moja. Katika kurudisha nilibakiza kidogo tu niiformati (niifute yote) diski ya akiba, maana zile mbili ni pacha. Sasa kila moja ina kipande cha gundi ya karatasi chenye tarakimu nne za mwisho za serial namba yake.

Na ile DVD ya yule mama? Draivu ya zamani iliikataa kabisa. Ile mpya, ya kampuni nyingine, ikaipokea. Ilisoma, ikasita, ikarudia, usiku kucha. Asubuhi nikakuta harusi nzima, isipokuwa kama sekunde kumi wakati wa kukata keki.