Unakijua Kitabu Anachosoma Mwanao?

Mwezi Februari 2023, Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania ilipiga marufuku matumizi ya vitabu 16 shuleni kwa sababu za kimaadili, na miongoni mwake ulikuwamo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Jeff Kinney. Katika kundi letu la wazazi mjadala ulikuwa mkali, huku wengine wakipongeza na wengine wakilalamika, lakini kilichonisikitisha ni kwamba wengi wa waliochangia, wa pande zote mbili, hawakuwa wamefungua hata kimoja kati ya vitabu hivyo. Sina ugomvi na serikali kukagua vitabu vya shule. Hata hivyo, orodha ya vitabu 16 haiwezi kumweleza mzazi kilichomo katika kile cha kumi na saba, ambacho mwanawe ameazima kwa rafiki na kukiweka chini ya mto.

Kwa vitabu vya kiada kazi ni nyepesi, kwani Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka katika maktaba mtandao yake, na mzazi mwenye simu anaweza kuvisoma bila malipo. Penye kazi ni kwenye vitabu vya hadithi. Hapo jalada halitoshi, kwa kuwa kitabu chenye wahusika watoto si lazima kiwe kimeandikwa kwa ajili ya watoto. Mimi husoma sura ya kwanza, kisha moja ya katikati, kisha ya mwisho, kwa sababu ubaya ukionyeshwa katikati ya kitabu, ni mwisho unaoeleza mwandishi anauchukuliaje. Nikiwa na nafasi hupita pia Maktaba Kuu ya Taifa, ile iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 jijini Dar es Salaam, nikamuuliza mkutubi watoto wa rika la wanangu wanapenda kusoma nini.

Hata hivyo, njia ninayoiamini zaidi ni kumwuliza mtoto mwenyewe, ila swali lisiwe la mtihani. Binti yangu wa kidato cha tatu alipokuwa akisoma Takadini, riwaya ya Ben Hanson, nilimwuliza inahusu nini, naye akanitajia dhamira, migogoro na ujumbe kama anavyofundishwa darasani. Nikamwuliza tena: "Mwanangu, ungekuwa wewe ndiye Sekai, ungefanyaje?" Sekai ni mama aliyejifungua mtoto mwenye ualbino katika jamii ambayo mila yake ilitaka mtoto wa namna hiyo auawe, akaamua kutoroka naye. Binti aliweka kisu na vitunguu kando, akasema angetoroka vilevile, ila asingemsamehe mumewe. Kisha akanieleza habari ya mwanafunzi mwenzake mwenye ualbino ambaye wenzake humwita kwa jina la kumdhalilisha, na kwamba yeye hajui amtetee vipi bila kutengwa. Tulizungumza mpaka chakula kikachelewa. Mzazi ambaye angesoma kurasa chache za mwanzo na kuishia kwenye habari ya kuua watoto, angeweza kumnyang'anya kitabu hicho.

Kuna wazazi wanaosema hawawezi kufuatilia kwa kuwa vitabu ni vya Kiingereza, na lugha hiyo hawaimudu. Kwa maoni yangu hilo halimzuii mtu. Jirani yangu, mama anayekaanga maandazi alfajiri, humtaka mwanawe amsimulie kwa Kiswahili kile alichosoma jana yake, na anapoona mtoto ameruka sehemu fulani kwa haya, humrudisha hapohapo kwa upole mpaka aeleze. Likizo hii mimi naye tumekubaliana kugawana: mimi nitasoma vile vya Kiingereza ambavyo watoto wetu wanaazimana, na yeye atasoma vya Kiswahili, kisha tuelezane Jumapili jioni, watoto wakiwapo.